Barazani kwa Bi Mkunga: Ndoo iliyojaa mlangoni

Nianze na dogo. Msomaji wa Jang'ombe anauliza kama ni kweli kupiga mbinja usiku ndani ya nyumba huita majini. Mwanangu, huita majirani kwanza, na majirani wana maneno kuliko majini. Wacha watu walale.

Msomaji wa Fumba mwenye mume anayezungumza usingizini, nisubiri mwezi ujao. Barua moja imekula nafasi yote, na ukiisoma utanisamehe.

Barua hiyo imetoka Pemba. Ilinifika Unguja kwa mkono wa mtu wa meli, karatasi nne za daftari, bahasha yenyewe inanuka karafuu kama imelala jamvini pamoja nazo. Nimeipunguza, na yanayoweza kumtambulisha mwenyewe nimeyaondoa.

"Assalaam alaykum Bi Mkunga. Mimi ni msichana wa miaka 23, nakaa nje kidogo ya Wete. Mtihani wa kidato cha nne sikupasi. Nimejaribu kushona, cherehani ikaharibika. Nimechuma karafuu, nimechambua, msimu ukaisha nikarudi kukaa. Nyumbani wakanizoea kama mtu asiye na lake.

Miaka mitatu iliyopita mtaani petu alifariki mwanamke mgeni, hana ndugu hapa. Waosha wetu wawili, mmoja mgonjwa, mmoja kenda Unguja kwa mwanawe. Akaitwa bibi mmoja mtu mzima kutoka kijiji cha pili, naye akataka mtu wa kumshikia maji. Wanawake wakaangaliana. Nikasema nitashika mimi. Tangu siku ile nikawa namfuata kila anapoitwa, na alipokufa yeye nikamuosha kwa mikono yangu. Sasa mimi ndiye nnayeitwa. Sichukui kitu, hata sabuni iliyobaki.

Linalonisumbua ni hili. Kabla ya alfajiri mlango wangu hugongwa mara tatu, sauti kavu kama ya kijiti. Husoma Ayatul Kursi ndipo nikafungua, na nikifungua hapana mtu. Ila ndoo yangu ya bati, ile kubwa ya kuoshea, ambayo kila siku huiacha tupu chini ya mwembe imefudikizwa, naikuta kizingitini imejaa maji mpaka mdomoni. Adhuhuri haifiki ila nimeshaletewa habari ya msiba.

Mama wa mchumba wangu amelisikia hilo. Anasema mikono yangu ni baridi, hatokula nilichopika, na kwamba nimeingiwa na jini la makaburini. Ama niache kuosha nikatolewe kwa mganga, ama posa irudi. Bi Mkunga, kinachonigongea ni nini? Na mimi nimeumbiwa nini?

Mwosha, Wete."

Barua hii sikuijibu papo hapo. Najua wasomaji wangu. Ukitaja Pemba na mlango kugongwa usiku, mtu wa mjini keshavuta kiti, na kila mmoja ana jini lake mfukoni tayari la kulibandika. Sisi Wapemba tumesingiziwa kila kinachotembea gizani tangu hatujazaliwa. Mimi ni wa Konde, nimekulia ukingoni mwa msitu wa Ngezi, na nawaambia wazi: siyakatai mambo, ila siyapokei mpaka niyapekue.

Nimejifunza kupekua mwaka 1995. Walio na umri wangu wanaukumbuka, mwaka wa popobawa, jini lililosemwa kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala. Hofu ilianzia kwetu Pemba, ikavuka Unguja, ikafika hadi Dar es Salaam. Watu wazima na akili zao walitoa mikeka nje wakalala mduara wakizunguka moto, kwa kuwa ilisemwa humvamia anayelala ndani peke yake. Niwakumbushe pia kwamba ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu vyama virudi, watu hawaaminiani hata kwa chumvi. Nimeona hofu ile ilivyofanya. Mgeni asiyejulikana akipita kijijini jioni, roho yake iko rehani.

Sasa mkunga anafanya nini mwaka kama huo? Watoto hawangoji popobawa aondoke. Usiku mmoja mlango wangu ukagongwa. Nimefungua, mtoto wa kiume, miaka sita au saba, ana chemni mkononi. Kasema, "Njoo, mama." Hakusema mama nani. Nikachukua mkoba wangu nikamfuata kwenye mikarafuu, yeye mbele. Nilichokishika katika njia ile nzima ni mguu wake wa kushoto, ulipinda kwa ndani, akikanyagia ubavu wa unyayo, na ile taa ikipepesuka kila hatua. Tumefika kwenye nyumba, mlango u wazi, ndani mwanamke yuko peke yake na uchungu, watu wake wote wako motoni uwanjani, hawamsikii. Mtoto alikuwa kageuka, katanguliza matako. Kama ningechelewa saa moja tungezika wawili. Alfajiri nikamuuliza yule mama, mwanao aliyekuja kuniita yuko wapi? Akaniambia, "Bibi, mie huyu ndiye wa mwanzo." Nikakifunua kichanga nikifunge kitambaa. Mguu wa kushoto umepinda kwa ndani.

Mnaguna. Hata mimi nimeguna miaka 30. Nilikuwa sijalala usiku wa tatu, na mtu asiyelala huweza kuona mguu leo akaupachika kwenye giza la jana. Pengine alikuwa mtoto wa jirani, akaogopa akakimbia. Nimeuliza nyumba zote za karibu, hawakumjua, lakini mwaka ule nani angekubali kwamba kamtuma mwanawe nje usiku? Kwa hiyo jambo hilo nimeliweka pale lilipo. Kijana mwenyewe yu hai, ni fundi wa mashine za boti, anachechemea, na kila Idi huja kunipa mkono.

Basi nikampelekea mwosha wetu maswali. Kwanza, asiniambie "kila mara". Anunue daftari, aandike kila usiku anaogongewa, na aandike pia kama msiba haukutokea, maana mtu hukumbuka ndoo iliyoleta maiti akaisahau ile isiyoleta. Pili, kila jioni atandaze jivu kizingitini, ndani na nje. Tatu, ayaonje yale maji. Nne nikamuuliza swali ambalo sikumpa sababu yake: nani wako ambaye hukupata kumuosha?

Majibu yalikuja baada ya miezi miwili, safari hii kwa simu, maandishi marefu yasiyo na nukta hata moja. Nayapanga mimi.

Daftari linasema: kagongewa mara nne, misiba mitatu. Mara ya nne maji yalikaa mpaka Magharibi akafulia. Katika hao watatu, wawili walikuwa wagonjwa wa siku nyingi, na yeye mwenyewe alikwenda kuwatazama wiki ileile. Wa tatu ni mgeni aliyetoka Tanga kwa ajili ya harusi, mzima, amepiga vigelegele mpaka usiku wa manane, asubuhi hakuamka.

Maji ni matamu, yana harufu ya ukoga. Kwao wote wanatumia mfereji, na visima vya upande ule vimeingia munyu. Kisima kitamu kimebaki kimoja, uani kwa mzee mmoja jirani, mjane wa kiume, ambaye mkewe alioshwa na huyu msichana mwaka jana.

Na jivu? La ndani halikuguswa. La nje lilikuwa na nyayo za ndara, ya kulia imelika kisigino, na pembeni yake vitundu vya duara, vimoja vimoja. Bakora. Hiyo ndiyo "sauti kavu kama ya kijiti". Jini lenye ndara iliyolika kisigino, jamani!

Hapa namwacha aseme mwenyewe.

"Nikapika mkate wa kumimina nikampelekea. Nikamwambia, Babu, ni wewe unayenijazia ndoo? Akacheka, akasema, kwani nani mwengine mwenye maji matamu? Akasema marehemu mkewe aliniona nikihangaika na maji ya mfereji siku ya msiba wa mtaani, yamekatika, akamwambia, mtoto yule akikuhitaji maji usimnyime. Basi hunyanyuka akateka, akaniletea, akagonga na bakora nijue yamefika, akarudi zake kabla sijamaliza kisomo changu. Nikamuuliza, sasa Babu unajuaje kama kuna maiti? Bi Mkunga, akaacha kucheka. Akasema, 'Nitajuaje mie? Si wewe unanigongea dirisha? Unagonga mara tatu, unasema, Ami, teka maji. Macho yangu usiku hayaoni, lakini masikio nnayo.' Wallahi sijapata kutoka usiku kumgongea mtu dirisha. Sahani ilinitetemekea mkononi. Sikumwambia kama si mimi."

Swali langu la nne alilijibu kwa maneno machache kabisa, mwishoni, kama mtu anayefunga mlango kwa mguu. Mama yake alikuwa ndani ya MV Spice Islander, meli iliyozama, anarudi Pemba, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011. Yeye alikuwa na miaka tisa. Miili iliyotolewa majini ilizidi 200, na wengi hawakuonekana tena. Mama yake hakuonekana. Walimsalia hayupo.

Nimeusoma ujumbe huo nikaiweka simu nikatoka nje. Sisi tuliokuwa na watu baharini usiku ule tunajua. Matanga yanakaliwa, khitma inasomwa, watu wanakula na kuondoka, na hapana kaburi la kupitia Ijumaa. Hapana mkono uliomwagia maji. Mwosha husafisha kucha, husuka nywele za mwenzake mikia mitatu, hutia karafuu maiti penye kusujudu, hufunika sanda tano, na watu wa nyumba wakiona mtu wao ametengenezwa roho hutua mahali. Wewe roho yako haikupewa pa kutua. Halafu siku moja wanawake wakaangaliana, na mkono ulioinuka ni wako. Nami sidhani ulikuwa umekosa kazi siku ile.

Sasa tufanye hesabu. Nusu ya jini lako ni mzee wa watu mwenye bakora. Hiyo imekwisha, kamwambie mama mkwe. Nusu ya pili ndiyo ngumu.

Jivu umetandaza mlango wa mbele. Mlango wa uani hukuutaja. Una komeo? Nauliza kwa kuwa dada yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitembea usingizini, anakwenda mpaka kisimani anarudi analala, asubuhi hajui kitu, ila miguu ina tope. Wewe unatazama wagonjwa mchana, mikono yako imeshajua ngozi inayoaga, na usiku mwili unanyanyuka kwenda kutafuta maji ya kazi. Kwa wale wagonjwa wawili, mimi nakubali maelezo hayo na nalala vizuri. Hata msiba usiotokea unaingia humo: kuna mtu ulimdhania, akapona. Kwa mwanamke wa Tanga sina maelezo. Hukupata kumuona, hukujua kama yupo.

Kisha kuna neno moja uliliandika ukalipita mbio. Katika ujumbe wako, mzee huyu wewe unamwita Babu. Anayemgongea dirisha anamwita Ami, yaani ndugu wa baba.

Nimelisoma mara nyingi. Mwenye kumwita Ami, kwa hesabu za ukoo, ni mtu wa daraja moja juu yako. Mtu aliyekulia mtaani hapo, akimjua mzee kabla hajawa mzee. Sikutajii ni nani, na nakuomba usikimbilie. Waliotangulia wako kwa Mola wao, hawatumwi visimani, na maswali ya upande huo shehe wa jarida hili ana ukurasa wake. Mimi najua ya chumba cha uzazi tu, na humo nimemsikia msichana wa Makangale, mtulivu, akishikwa na uchungu anapiga kelele kwa sauti na lafudhi ya bibi yake aliyekufa kabla hajazaliwa. Sauti hukaa kwenye damu. Labda ulikuwa mdogo, mama yako anakutuma kwa mzee na ndoo, anakufundisha, "Mwambie Ami ateke maji." Labda usingizini unayasema kama alivyoyasema yeye. Huenda ikawa hivyo.

Kwa mganga usiende. Utalipa kuku na shuka nyeusi utolewe kitu ambacho mtaa mzima unakihitaji.

Kuhusu posa: barua yako yote, mama mkwe anazungumza, mchumba hasemi neno. Yuko wapi? Ana ulimi? Mwite, umwambie mbele ya baba yako mdogo: mimi naosha maiti, nitaendelea, na nikitoka kuosha naoga napika pilau kama wengine. Akikubali yeye, mama atakula, njaa si ya kuchezea. Akinyamaza, basi umeshajua utakavyoishi miaka 40, na posa hurudi tu, si kitanda cha jeneza. Na huyo mama, kwa heshima zote, mumuulize ameshamchagua nani wa kumuosha. Wahenga walisema mwosha huoshwa, ila asiyeosha naye huoshwa, na mkono atakaoukuta ndio huo anaouita baridi.

Jengine, na hapa nakugombeza. Hili la kutochukua hata sabuni sikulipenda. Unadhani ni wema, na wema ni kweli umo, lakini kuna mahali umejifanya huna haki ya kitu. Watu wakikupa kanga pokea. Wakikupa sabuni pokea, ya msiba mwengine. Nunua glavu, ziwepo siku zote. Bibi yako aliyekufundisha aliosha mikono mitupu, na mimi nimezalisha mikono mitupu, nasi hatukuwa mashujaa, tulikuwa hatuna. Mwili wa mwenye kipindupindu haujui kama weye una moyo mzuri. Na utafute wasichana wawili wakushikie maji kama ulivyoshika wewe. Siku wanawake watakapoangaliana tena, isiwe lazima uwe wewe.

Umeniuliza umeumbiwa nini. Mwanangu, unaniuliza huku kata iko mkononi.

Nilikuwa nimemaliza hapa, mhariri keshanipigia mara mbili, nikarudi kuipitia barua ya kwanza. Nikakwama kwenye ile ndoo.

Ndoo ya bati, kubwa, tuseme lita 20. Umeandika imejaa mpaka mdomoni. Mzee haoni usiku, mkono mmoja umeshika bakora, kutoka uani kwake mpaka kwako kuna njia, mimi nafahamu njia za mitaa ya Wete zilivyo na mashimo. Mtu mzima mwenye macho mawili akibeba ndoo hivyo humwaga robo, na miguu ikarowa. Wewe umenieleza nyayo za ndara na vitundu vya bakora, moja moja, wazi, mpaka kisigino kilicholika umekiona. Alama kama hizo hukaa kwenye jivu kavu. Hapana hata tone.

Mpelekee mkate mwengine. Usimuulize habari za dirisha. Muulize nani anayemshikia ndoo upande wa pili, kisha uniandikie.